Wazee walikula, na wazee walikufa

Hapa kwetu Kagera, ukitaja nyamapori na maradhi mbele za watu, lazima atokee mtu mzima aseme: "Wazee wetu wamekula nyama hizo tangu enzi na enzi, na hawakufa." Basi, mjadala umefungwa. Kijana anayeendelea kusema huonekana hana adabu.

Mwezi uliopita, siku ya kuanua matanga ya ndugu yetu mmoja, aliyeyatamka maneno hayo alikuwa baba yangu mdogo. Nikamuuliza, "Baba, mlizaliwa wangapi kwa bibi?" Akahesabu kwa vidole: tisa. Waliofika kuoa na kuolewa? Watano. Na wale wanne? Mmoja homa, mmoja tumbo, wawili walirogwa.

Sisemi nyama ndiyo iliyowaua. Nasema hakuna aliyewapima, hakuna aliyeandika, na kaburi lisiloandikwa sababu haliwezi kuletwa barazani kuwa shahidi wa uzima. Wazee walikula, na wazee walikufa, tena wengi wakiwa bado wachanga. Tulichokosa ni majina ya maradhi yao.

Ugonjwa mmoja wa namna hiyo ulipata jina baadaye. Wanasayansi waliofuatilia vinasaba vya VVU walifika hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Virusi vile vilivuka kuja kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20, na njia inayoelekea zaidi ni damu ya mnyama aliyewindwa. Vikafika Kinshasa, na damu ya zamani kabisa iliyokutwa na VVU ilichukuliwa huko mwaka 1959. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania waligundulika wapi? Hapa hapa Kagera. Tukauita ugonjwa huo Juliana, na wapo walioapa kuwa ni uchawi. Yule mwindaji wa Kamerun huenda aliishi miaka baada ya kumpasua sokwe wake, akazikwa na watu waliokuwa na hakika kwamba nyama haijamdhuru mtu. Sisi ndio tuliolea yatima.

Wapo wanaosema moto unaua kila kitu. Chungu kikitokota vizuri, virusi vya Ebola au Marburg havitoki humo vikiwa hai, hilo ni kweli. Lakini mtazame mtu anayechuna. Amepiga magoti kwenye majani ya mgomba, shati amelikunja hadi kiwikoni. Kidole gumba kimefungwa kitambaa, kwa sababu juzi panga lilimteleza shambani, na kitambaa kimekwisha kulowa damu isiyo yake. Nzi wakimsumbua anajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Mkewe anachukua utumbo kwenda kuusafisha, mtoto anashika mguu wa mnyama ili ngozi ivutike. Kisha kisu kinapanguswa kwa jani na kwenda moja kwa moja kukata nyanya. Yote hayo yametendeka kabla kuni hazijawashwa. Na kama mnyama alikuwa na kimeta, hata chungu si cha kutegemea: mbegu za kimeta hustahimili joto la kawaida la jikoni, na udongoni hukaa miaka na miaka.

Mwaka 1996 huko Mayibout, Gabon, wawindaji walimkuta sokwe amekwisha kufa msituni. Wakambeba hadi kijijini, akachunwa, akakatwakatwa, akaliwa. Walioshiriki kumchuna na kumkata, watu 19, ndio walioanza kuugua Ebola, kisha jamaa zao. Waliokufa ni 21. Lugha yetu ina neno zito kwa nyama ya mnyama aliyejifia, kibudu, na wengi wetu tukilisikia tunakunja uso. Iweje mnyama wa porini aliyekutwa amelala chini ya mti tumwite riziki?

Marburg ilitufikia Machi 2023, Bukoba Vijijini: watu 9 waliugua, 6 wakafa. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo. Watu 10 waliohesabiwa, wawili kwa kuthibitishwa na vipimo na wanane kwa dalili na mazingira, wote 10 walikufa. Virusi hivyo hukaa kwa popo wala matunda wanaolala mapangoni, navyo hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi chao bila popo mwenyewe kuugua. Hata hivyo bado nawaona watoto wakiokota pera lenye alama za meno, wanalipangusa kwenye kaptula na kumalizia alipoachia popo.

Nawasikia wanaojibu, "Basi tuwachome popo wote." Uganda walijaribu. Katika mgodi wa Kitaka, baada ya wachimbaji kuugua Marburg mwaka 2007, popo waliangamizwa. Wakarudi wengine, na kiwango cha wenye virusi kati yao kilikuwa kikubwa zaidi ya mara mbili ya kile cha awali. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka eneo la jirani. Pango linafaa kuachwa kama lilivyo.

Zamani, aliyeambukizwa msituni alifia kwake na wachache waliomuuguza. Leo anapakiwa bodaboda asubuhi, jioni yuko Mwanza, na amepita zahanati mbili ambazo muuguzi alimpokea kwa mikono mitupu. Hapo ndipo nisipokubaliana na wakubwa wanaodhani kazi imekwisha wakisema "acheni nyamapori" na kutuma askari. Mtu mwenye nyama ya kificho huchuna usiku, kwa haraka, kwa mwanga wa tochi ya simu, na akiugua hatamwambia mtu. Marburg huweza kujificha mwilini hadi siku 21. Mganga akimuuliza mgonjwa wa homa, "Ndani ya wiki hizi tatu umegusa mnyama gani?", nataka mgonjwa huyo aweze kujibu ukweli, bila kutupa jicho mlangoni kuangalia kama kuna askari.