Mtoto wa Arumeru Hanywi Ripoti

Wapo wanaodai kuwa nchi hii haina utafiti wa kuisaidia. Nawapinga. Kituo cha Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, kilikwisha kuonyesha kuwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floraidi iliyoyeyuka majini. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alitunukiwa tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji. Maarifa tunayo, tulichokosa ni utashi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Visima vingi vya Arumeru huvuka kikomo hicho. Watoto hupata meno ya kahawia, wengine hupinda miguu. Nasi twawahimiza wazazi wachemshe maji! Kuchemsha huua vijidudu, ila floraidi hubaki, na maji yakipungua huzidi kukolea.

Mkaa wa chujio huchoka, sharti ubadilishwe. Nani ametengewa fedha za kuubadilisha? Wahadhiri wenzangu, tusiridhike na makala majaridani. Nanyi watumishi wa umma, msiagize upembuzi mwingine kabla ya kujibu swali hilo.