Mgongo wako hauna resori za akiba

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama uliye nyumbani,

Ukurasa huu umezoea kukuambia habari ya kofia ya kazi, ya viatu, ya maji ya kunywa na ya mbu. Leo ninataka kukuambia habari ya motokari yako, ile unayoiosha kila Jumamosi jioni. Usicheke. Soma mpaka mwisho, halafu uamue wewe mwenyewe.

Dereva mmoja wa kamyo kubwa za mgodini alikuja kwetu na maumivu ya kiuno. Tulimuuliza yote: kiti cha kamyo, saa za zamu, mizigo anayoinua. Tulimpa dawa na siku za kupumzika. Akapona, akarudi kazini, kisha maumivu yakarudi pia. Mara ya tatu nilimsindikiza mpaka mlangoni, ndipo nikaona motokari yake: Golf GTI nyekundu, imelala chini hata kidole hakipiti kati ya pine na bodi. Nikaelewa kwamba tulikuwa tumemuuliza habari ya saa nane za kazi, lakini hatukumuuliza habari ya njia ya kwenda na kurudi.

Na mimi sina haki ya kumhukumu, kwani nilifanya kosa lile lile. Nilinunua Golf GTI iliyotoka Ulaya, ya kizazi cha tano, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, yenye motere ya litre 2 na nguvu za farasi 200. Niliona picha za vijana wa Ulaya na motokari zao zilizoshushwa, moyo ukatamani. Fundi mmoja wa kartie akaniambia: « Kununua resori mpya ni kupoteza pesa, mimi nitakata hizi. » Akakata. Siku ile nilijiona mtu mkubwa. Bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipanda mara moja, akashuka, akasema: « Baba, mimi nitatembea kwa miguu. » Nikamwambia anadeka. Mwezi uliofuata, kwenye njia ya Kipushi, niliingia ndani ya shimo moja lililojaa maji ya mvua. Nilisikia pigo kutoka kiti mpaka kichwa. Nililala majuma mawili, mimi ninayewafundisha wengine namna ya kuinua mizigo bila kuumia. Bibi yangu hakusema neno. Alinipa maji ya moto na kitambaa.

Resori inafanya kazi gani?

Resori inabeba uzito wa motokari, tena inaipa gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka bila kukupiga wewe. Amortisere inazuia resori isiendelee kuruka-ruka. Vitu hivi viwili ni kama bwana na bibi: ukimbadilisha mmoja bila kumfikiria mwingine, nyumba haitatulia.

Ukiishusha motokari, unapunguza nafasi ile. Tuseme gurudumu lina sentimetre 8 za kupanda kabla ya kugonga mpira wa mwisho. Ukishusha sentimetre 5, zinabaki 3. Ndiyo sababu resori fupi inapaswa kuwa ngumu zaidi, isije ikagonga kila mara. Na ikiwa ngumu zaidi, mitikisiko mingi zaidi inafika mgongoni kwako.

Sasa fikiri juu ya kukata. Resori yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mmoja, ugumu wake unapanda kwa sehemu moja ya tano. Hakuna mtu aliyepima kama ugumu ule unatosha kwa nafasi iliyobaki. Tena ncha iliyokatwa haikai sawasawa ndani ya kikalio chake. Nyuma ya Golf hii, resori imesimama peke yake, mbali na amortisere. Gurudumu likining'inia juu ya shimo, resori iliyo fupi mno inaweza kutoka mahali pake. Na kama fundi amekata kwa moto, chuma kimepoteza nguvu yake mahali pale, kinaweza kuvunjika siku usiyoijua. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: resori haikatwi. Si kwa moto, si kwa mashini ya kukatia, si kidogo, si nyingi.

Mwili haufungui vitabu viwili

Mtu aliyeketi anaumizwa zaidi na mitikisiko ya kwenda juu na chini inayopita mara 4 mpaka 8 kwa sekunde. Hapo kiwiliwili na uti wa mgongo vinaitikia kwa nguvu. Motokari ya kawaida inapanda na kushuka juu ya resori zake mara moja na kidogo kwa sekunde. Iliyofanywa ngumu inakaribia mara 2 na kupita. Na inapogonga mpira wa mwisho, hapo hakuna tena kubembelezwa, ni nyundo.

Nchi za Ulaya ziliandika sheria ya mitikisiko kazini mwaka 2002. Kwa mwili mzima, kwa siku ya saa 8, mwajiri anapaswa kuanza kuchukua hatua mitikisiko ikipita 0,5 m/s², na haruhusiwi kupita 1,15 m/s². Sikiliza vizuri hesabu yake: mitikisiko ikiongezeka mara mbili, muda unagawanywa kwa nne. Kipimo unachokifikia kwa saa 8 katika 0,5, unakifikia kwa saa 2 tu katika 1. Ufaransa, tangu mwaka 1999, inayahesabu magonjwa ya kiuno yanayoletwa na mitikisiko ya namna hii kuwa magonjwa ya kazi, kwa madereva wa mashini na kamyo za namna ya zile tunazoziona hapa kila siku.

Sheria ile inahesabu kazi tu. Lakini mgongo haujui saa ya kutoka kazini. Haufungui kitabu kimoja cha kampuni na kingine cha nyumbani. Dereva aliyetikiswa zamu nzima ndani ya kamyo, kisha akatikiswa tena njiani ndani ya motokari ngumu, analipa vyote kwa mgongo mmoja.

Kama umetaka kushusha, chagua hivi

Kuna watu watasema: « Munganga, wewe shughulika na sindano zako. » Wengine watasema kijana aliyefanya kazi kwa jasho ana haki ya kufurahia pesa zake. Ni kweli. Kutamani motokari nzuri si dhambi. Tena motokari iliyoshushwa kidogo, kwa resori zilizofanywa kwa ajili yake, inalala kidogo zaidi ndani ya kona, na kwenye lami nzuri ni furaha kuiendesha. Sikukatazi. Ninakuomba uchague kwa ajili ya njia unayoipita kila siku, usichague kwa ajili ya picha.

1. Jua motokari yako imeanzia wapi. Golf GTI hii imetoka kiwandani ikiwa chini milimetre 15 kuliko Golf ya kawaida. Muulize muuzaji: hizo milimetre 30 unazoniambia, zinahesabiwa kutoka Golf gani?

2. Usishushe zaidi ya milimetre 25 kama unapita njia ya udongo, au matuta ya kupunguza mwendo, au mashimo ya masika. Hilo ni shauri langu. Sentimetre 4 au 5 ni za mtu mwenye lami safi mpaka mlangoni pake, na mtu huyo simjui hapa kwetu.

3. Nunua resori zote nne, za aina moja, zilizofanywa kwa motokari yako na motere yake. Viwanda vya Ujerumani kama Eibach na H&R vinazifanya. Tafuta zile ambazo mizunguko yake imekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Hizo ni laini mwanzoni, zinakuwa ngumu kadiri zinavyobanwa. Kwa mtu wa kila siku ni bora.

4. Soma karatasi yake, uone uzito inaoruhusu kwa kila ekseli. Pima motokari ikiwa imejaa, isiwe tupu. Tupu, kila motokari ni nzuri. Weka bibi, watoto watatu, gunia la unga na gunia la makala mliyonunua njiani, ndipo utazame ni vidole vingapi vinapita juu ya pine.

5. Kama amortisere zimechoka, zibadilishe siku ile ile. Resori ngumu juu ya amortisere iliyochoka ni mbaya kuliko zote. Motokari inaruka, pine zinaacha udongo, na freni hazishiki gurudumu lililo hewani. Pesa hazitoshi vyote viwili? Basi badilisha amortisere kwanza, uache resori za kiwanda.

6. Fundi awe na kibanio halali cha resori. Resori iliyobanwa inaweza kumvunja mtu taya au kumwua. Ukimwona anaifunga kwa waya au kamba, chukua ufunguo wako uende. Tena mwambie akaze bulonu za mikono ya magurudumu motokari ikiwa imesimama juu ya pine zake, isiwe inaning'inia, la sivyo mipira yake itapasuka mapema.

7. Baada ya siku chache, resori zikiisha kukaa, upimishe paralelisimu na mielekeo ya magurudumu, na taa zitazamwe tena. Bila hivyo pine zitaliwa upande wa ndani, mahali usipotazama.

Neno kwa mama, na neno kwa wakubwa

Mama, wewe unayepanda kiti cha nyuma pamoja na watoto, una haki ya kusema. Kama una mimba, na motokari inapiga, mwambie bwana apunguze mwendo au tafuta njia nyingine ya kusafiri. Huko si kudeka. Mimi nilichelewa kulielewa neno hili.

Na kwa wakubwa wetu nina ombi moja. Kamyo ya mgodini tunakagua kiti chake, tunaandika, tunatia sahihi. Ni vizuri. Basi pale mfanya kazi anapokuja na kiuno, tuandike pia swali hili: « Unakuja kazini kwa chombo gani, na unapita njia gani? » Swali halina bei. Tena siku moja kwa mwezi, mafundi wa garaji ya kampuni wangeweza kutazama motokari za wafanya kazi bila kuwaadhibu: amortisere, pine, resori. Mtu aliyeshusha vibaya angeambiwa ukweli kabla ya shimo kumwambia.

Yule dereva wa Golf nyekundu alirudisha resori za kiwanda na kutia amortisere mpya. Sikuambii kwamba amepona kabisa, kwani mgongo ulioumia unakumbuka. Lakini sasa anamaliza zamu akiwa amesimama wima. Mimi pia nilinunua zangu za kiwanda, za kuokota, na bibi yangu anapanda mbele pamoja nami, mtoto nyuma. Watu wa kartie wanasema Golf yangu imekuwa ndefu kama mbuzi. Waseme.

Ndugu, resori ikivunjika, utapata nyingine sokoni. Kabla ya kumpa fundi ufunguo wa motokari, jiulize kwanza kama mgongo wako unapatikana sokoni.