Mashamba ya iliki yamegeuka hifadhi. Vyura wa Derema wako salama?

Ukitaja vyura na siasa za Tanzania, akili ya wengi inakwenda Kihansi moja kwa moja. Lakini chura yule ana ndugu zake Usambara Mashariki, na habari yao haihusu umeme. Inahusu iliki, na maji ya bomba ya Tanga mjini.

Twende Derema, wilayani Muheza. Ni kipande cha msitu kinachounganisha Hifadhi ya Amani na misitu iliyo kaskazini yake. Kwa miaka mingi watu walilima iliki humo. Miaka ya 2000, wakulima zaidi ya 1,000 walilipwa fidia ili eneo lihifadhiwe. Wapo waliolalamika, na mimi nawaelewa: hela ya mara moja hailingani na zao linalokuingizia kipato kila mwaka.

Sasa wengi wanadhani kazi iliishia pale. Bado kabisa.

Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, anafyeka ya chini. Kwa mbali unaona msitu, kumbe hauna miche ya kurithi. Mti mkubwa ukianguka kando ya kijito, jua linaingia, na anayewahi nafasi mara nyingi ni Maesopsis, mti uliopelekwa Amani enzi za Wajerumani na ambao umesambaa vibaya mno.

Kwa chura hilo siyo jambo dogo. Yupo mmoja wa vijito vya milima hii, Arthroleptides martiensseni. Viluwiluwi vyake haviogelei dimbwini kama tulivyozoea, vinang'ang'ania kwenye miamba inayorushiwa maji. Mwamba ukikaushwa na jua au ukifunikwa na tope, ndiyo basi tena. Yule ndugu wa chura wa Kihansi, Nectophrynoides tornieri, anazaa watoto kabisa, yaani hahitaji maji ya kutagia mayai. Lakini naye bila unyevu wa msitu hatoboi.

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ila kuzuia watu hakuoteshi mti. Kingo zinataka mikono: kung'oa mimea vamizi, kupanda miti ya asili, kuilea miaka. Kwa maoni yangu, wa kwanza kupewa ajira hiyo wawe walioacha mashamba yao. Wanavijua vile vijito kuliko mtaalamu yeyote wa semina.

Hela itoke wapi? Maji ya milima hii yanaingia mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani, chanzo cha maji ya Tanga. Mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Mabomba na pampu tutaziona. Cha kuwauliza ni shilingi ngapi zitapanda mlima hadi kwenye vijito.