Chujio la barua pepe nalo linachagua lugha

Mwaka jana, nilipokuwa ninaandaa TFC yangu juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, niliwatumia watu 24 maswali na kuwaomba wanijibu kwa barua pepe, kila mmoja kwa Kiswahili anachosema nyumbani kwake. Nilitumia anwani niliyopewa na ofisi moja nilikokuwa nikifanya staji. Wiki tatu zikapita, nikawa na majibu 5 tu. Nilianza kusema kwamba watu wetu hawapendi kuandika. Kisha mama mmoja wa Katuba akanipigia simu: «Mtoto wangu, nilikujibu siku ile ile. Ni wewe hausome.»

Nikaenda kwa fundi wa seva. Alipofungua folda ya taka, majibu 11 yalikuwa humo. Watu wengine wanne waliniapia kwamba walijibu, lakini barua zao hazikuonekana popote, kwa sababu folda hiyo ilikuwa ikifutwa kila baada ya siku 14. Watatu waliandika upya. Wa nne, mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, alikuwa amekwisha kurudi kijijini, na jibu lake sikulipata tena.

Kosa lilitoka wapi? Barua inapofika kwenye seva ya Linux kama ile, hupita mikono kadhaa. Postfix huipokea mlangoni. SpamAssassin huipima na kuipa pointi. Ikifikisha 5, kwa kawaida huhesabiwa kuwa taka. Kisha Dovecot huiweka katika sanduku la mwenyewe, ikifuata masharti yaliyoandikwa kwa Sieve, jina ambalo maana yake ni chekeche.

Ndani ya SpamAssassin kuna kipande kiitwacho TextCat, ambacho msimamizi anaweza kukiwasha akitaka. TextCat haijui sarufi. Inahesabu vifungu vidogo vya herufi vinavyorudiarudia katika barua, kisha inakisia lugha. Msimamizi asipotaja lugha yoyote, zote zinakubaliwa. Fundi wetu alikuwa ametaja mbili: «ok_languages en fr». Kwa mstari huo, barua ikitambuliwa kuwa ya Kiswahili huanza safari ikiwa na karibu pointi 3 za adhabu. Kichwa chake kikiandikwa chote kwa herufi kubwa, kama wazee wetu wanavyopenda, na kosa lingine dogo likiongezeka, tayari iko jalalani.

Fundi alijitetea, na utetezi wake una uzito. Ofisi ilikuwa ikijaa matangazo ya Kirusi na Kichina ambayo hakuna aliyeyasoma, naye akaamua kuruhusu «lugha zinazosomwa hapa» peke yake. Ila alinieleza hayo yote kwa Kiswahili. Lugha aliyokuwa akinisemesha hakuihesabu kuwa lugha ya kuandikia barua.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi peke yao. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaipa serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Katika kitivo chetu tunajadili lugha za shuleni, za redio na za mahakamani. Mstari mmoja wa seva nao ni siasa ya lugha, na umeandikwa bila mwanaisimu hata mmoja kuulizwa.

Kuongeza alama «sw» ni kazi ya dakika moja, kwa kuwa Kiswahili kimo katika orodha ya TextCat. Kilingala, Kikongo na Tshiluba hazimo. Kwa lugha hizo tatu hakuna alama ya kuongeza, hata fundi akiwa na nia njema. Basi ombi langu la kwanza ni kwamba seva ya taasisi yoyote nchini isifunge lugha. Ikubali zote, na taka zitafutwe kwa dalili nyingine.

Ombi la pili linatuhusu sisi wenyewe. SpamAssassin ina chujio jingine, la Bayes, linalojifunza kwa kuhesabu maneno ya barua njema na maneno ya taka. Halianzi kutoa hukumu mpaka lionyeshwe angalau barua 200 za kila aina. Tukilifundisha kwa barua za Kifaransa tu, halitajua lolote juu ya barua zetu. Na Kiswahili kinahitaji mifano mingi zaidi: «nitakutumia», «atakutumia» na «tumewatumia» kwetu ni kitenzi kimoja, kwa mashine ni maneno matatu yasiyojuana. Wanafunzi wenye hiari wanaweza kukusanya barua zao katika lugha zote nne na kumpa fundi. Anayeogopa siri yake kutoka ajue kwamba kinachobaki ni alama za maneno na hesabu zake; barua yenyewe haihifadhiwi humo.

La tatu ni uhifadhi. Masharti ya Sieve yaagize kwamba barua inayoshukiwa iwekwe kando, isifutwe, na mwenye sanduku aipitie kila wiki. Na sanduku liwe la Maildir badala ya mbox. Katika mbox barua zote hukaa ndani ya faili moja ndefu, na umeme ukikatika wakati inaandikwa, faili hiyo inaweza kuharibika. Katika Maildir kila barua ni faili yake. Huandikwa kwanza pembeni, na ikikamilika ndipo huhamishiwa kwenye folda ya barua mpya. Kwa umeme tulio nao, sihitaji kueleza zaidi.

Najua wengine watasema kwamba WhatsApp imemaliza mambo ya barua. Lakini TFC, maombi ya masomo na majibu ya maprofesa bado vinapita kwa barua pepe. Kabla ya kutuma maswali ya utafiti wenu, nendeni kwa fundi wa seva yenu mkamwombe awaonyeshe mstari wa lugha. Mimi nilichelewa kumwuliza, na sura yangu ya tatu ina shahidi mmoja pungufu.