Akiba ya Kundi na Hisa za Michezo ya Video



Katika mkutano mmoja wa kundi letu, kijana mmoja alisimama akatoa wazo lililotushangaza sisi tuliopewa kuwasindikiza. Alitaka akiba ya kundi, ile iliyotokana na kuuza sabuni na maharage, isilale tena sandukuni bali inunue hisa za kampuni za michezo ya video. Alitukumbusha mfano wa talanta, na yule mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini. Tukiri kwamba alitushika pabaya, maana katika mfano ule aliyefukia hakusifiwa. Basi hatutaki kumjibu kwa kumkemea. Tunataka kulichunguza jambo lenyewe.

Hisa ni sehemu ya umiliki. Anayenunua hisa ya Nintendo hanunui mchezo. Ananunua kipande kidogo cha kampuni iliyoanzishwa Kyoto, huko Japani, mwaka 1889, ikitengeneza karata. Kampuni ikistawi, naye hustawi pamoja nayo. Ikianguka, naye huanguka. Hatuoni dhambi katika hilo. Ugumu huanza pale mtu anaponunua asichokijua.

Mwezi wa Julai 2016 ulitoka mchezo wa simu uitwao Pokémon Go, na watu wa nchi nyingi wakazunguka barabarani wakiwinda viumbe wasioonekana ila katika kioo cha simu. Hisa za Nintendo zikapanda zaidi ya maradufu katika majuma mawili hivi. Lakini mchezo huo haukutengenezwa na Nintendo. Ulitengenezwa na Niantic ya Marekani, na Nintendo ilikuwa na asilimia 32 hivi tu ya kampuni inayosimamia haki za Pokémon. Tarehe 22 Julai Nintendo yenyewe ilitangaza kwamba faida yake katika mchezo huo itakuwa ndogo. Soko lilipofunguliwa tarehe 25, hisa zikashuka karibu asilimia 18 kwa siku moja. Wala habari hiyo haikuwa siri. Aliyetaka kuisoma kabla ya kununua angeisoma. Watu walinunua kelele.

Januari 2021 ilikuwa kali zaidi. GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya kuuza michezo, ilikuwa na hisa ya chini ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi. Tarehe 28 bei iligusa dola 483. Tarehe 19 Februari ilikuwa imerudi karibu dola 40. Aliyenunua kwa dola 400 alibaki na sehemu moja ya kumi ya fedha yake, na kama fedha hiyo ilikuwa minerval ya mdogo wake, mwalimu hakungoja bei ipande tena.

Nchi yetu haina soko la hisa. Kwa hiyo anayetaka kununua hulazimika kupitia wakala wa nje, au, kama tunavyoona mara nyingi mno, kupitia mtu mwenye namba ya simu na maneno matamu, anayeahidi kwamba dola 50 zitakuwa 100 kwa mwezi mmoja. Mwombeni hati yenye jina lenu na jina la kampuni. Asipoionyesha, hauzi hisa, hata akitaja PlayStation mara ishirini. Katika likelemba tunajua nani anapokea mwezi huu na nyumba yake iko wapi. Hapa hatujui hata sura.

Lakini kuna jambo linalotulemea kuliko hasara. Ndani ya mashine za kuchezea, kama ndani ya simu, mna vipande vidogo vyenye tantali, na tantali hutoka katika koltani, hii inayochimbwa Rubaya kule Masisi. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na PlayStation 2, iliyotoka mwaka huohuo, ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoongeza haja hiyo pamoja na simu. Huko Kivu watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na mashamba yalikuwa yamekwisha kuota majani. Tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2010, kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya huko zinapaswa kutangaza kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Microsoft, wanaotengeneza Xbox, ni mojawapo. Ripoti hizo ziko wazi kwa kila mtu. Mwenye hisa anaweza kuzisoma na kuuliza, na ana kura, hata kama ni ndogo kama punje ya ulezi. Hapo, tunakiri, wazo la kijana wetu lilianza kutupendeza.

Tena tuulize faida hutoka wapi. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba vifurushi vya bahati vinavyouzwa ndani ya michezo kadhaa, ukiwemo FIFA 18, ni kamari isiyo halali. Mwaka uliofuata EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Kwingineko biashara iliendelea. Nani kati yetu angependa gawio lililotoka kwa mtoto anayefungua kifurushi baada ya kifurushi akimtafuta Mbappé?

Baada ya mjadala mrefu, akiba imebaki sandukuni, kwa sababu mwezi wa nne itawalipia wenzetu wawili gharama za Mtihani wa Taifa, na fedha yenye tarehe yake haiwezi kungoja soko. Kijana mwenye wazo tumemwomba achague kampuni moja, asome ripoti yake ya mwaka na ile ya madini, kisha atueleze katika mkutano ujao. Alikubali, ingawa aliuliza ni nani atakayemlipia megabaiti. Tumechanga.