Finalisti anayesomea nyumbani si mtoto aliyeacha shule

Saa kumi ya usiku, katika kartie nyingi za Bukavu na Goma, kuna nyumba ambamo taa moja tu inawaka. Mbele ya taa ile kuna finalisti mwenye daftari la hesabu. Wadogo zake wamelala kandokando kwenye mkeka, na mama yake yuko macho kwa sababu yeye ndiye aliyemwamsha. Kutakapokucha mtoto huyu hatavaa inifomu ya buluu na nyeupe. Anajitayarisha kwa mtihani wa serikali akiwa nyumbani, na majirani wamekwisha anza kusema kwamba ameacha masomo.

Maneno hayo hayana haki. Na yanaumiza zaidi yanapotoka kwa watu wa shule wenyewe, maana kuna maprefe ambao mtoto akikosa majuma machache wanafuta jina lake na kumtaja mbele ya wenzake kama mfano mbaya.

Watu wa mashariki mwa Kongo hawakuanza jana kufundisha watoto nyumbani. Mwezi wa tatu mwaka 2020, mashule yote ya nchi yalifungwa kwa sababu ya Covid-19, na mafinalisti hawakurudi darasani mpaka Agosti. Katikati hapo wazazi walijifunza kutega redio ili mtoto afuate masomo yaliyokuwa yakitolewa na Radio Okapi. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, na mafinalisti wakatembea kuelekea Sake, Minova na Rwanda. Kisha Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. UNICEF ilisema wakati ule kwamba mashule na mahali pa kusomea zaidi ya 2,500 yalikuwa yamefungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini: mengine yameharibiwa, mengine yamegeuzwa makao ya wakimbizi wa ndani.

Kwa hiyo mtoto aliyefika mwaka wa mwisho leo amekatishwa masomo mara tatu tangu alipokuwa shule ya msingi. Kama bado anafungua daftari saa kumi ya usiku, huyo si mvivu.

Kuna pia sababu ambayo haizungumzwi sana kwa kuwa inaleta haya: feza. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipwa. Benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwaka 2025, hata mzazi mwenye mshahara alijikuta hana cha kutoa. Mtoto akifukuzwa kwa sababu ya minervali mwezi wa kumi na moja, akafukuzwa tena mwezi wa pili, mzazi anaanza kupiga hesabu: afadhali feza hiyo imlipe profesa mmoja aje nyumbani mara mbili kwa juma kuliko kulipa shule ambayo mtoto anaketi ndani yake nusu ya mwaka tu. Hesabu hiyo si ya kijinga. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao.

Lakini kuchagua ni jambo moja, na kuendesha nyumba yenye finalisti ndani ni jambo lingine. Hapo ndipo familia nyingi zinakosea, na si vizuri kuzibembeleza.

Kosa la kwanza ni kumwacha mtoto na itemu peke yake. Kila mwaka vitabu vidogo vya maswali ya zamani vinauzwa na kupigwa fotokopi, na mtoto anakariri majibu: a, c, b, b, d. Ni kweli kwamba siku nne za kikao cha kawaida zina maswali ya kuchagua jibu. Lakini kabla ya siku hizo kuna disertasyo, ambayo haina jibu la kuchagua. Mtoto anapewa mada kwa Kifaransa na karatasi tupu, basi. Aliyekaa miezi minane nyumbani bila kuandika hata ukurasa mmoja wa mawazo yake atatoka jasho pale. Dawa yake haina gharama: disertasyo moja kila Jumamosi, kwa saa, bila simu mkononi, kisha ipelekwe kwa mtu anayejua Kifaransa kizuri aisahihishe. Mtu huyo yuko katika kila avenyu. Mara nyingi ni mwalimu wa zamani ambaye hakuna anayemkumbuka.

Kosa la pili ni la wazazi wanaosema: "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Mama aliyeishia darasa la tano la msingi anaweza kufanya kazi ambayo profesa mwenye wanafunzi sitini hana nafasi ya kuifanya. Amketishe mtoto mbele yake anaposonga bugali, amwambie: nieleze kwa Kiswahili ulichosoma leo. Mtoto anayejua kweli namna majani yanavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua ataeleza kwa Kiswahili, kwa Kishi, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Yule aliyekariri sentensi za Kifaransa bila kuzielewa atakwama kwenye neno la pili, na mama atajua palepale, bila diploma yoyote. Baada ya hapo mtoto arudi kuandika yaleyale kwa Kifaransa, maana mtihani hautaulizwa kwa lugha ya jikoni. Wengine wanadharau Kiswahili katika masomo kana kwamba ni uchafu wa kufagia mlangoni. Lakini mtoto anaelewa kwanza kwa lugha anayootea ndoto.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, na linawahusu wasichana.

Mvulana akisomea nyumbani, nyumba nzima inanyamaza. Wadogo wanatumwa kucheza nje, redio inashushwa, chai inaletwa. Msichana akisomea nyumbani, watu wanasema: kwa kuwa uko hapa, chota maji. Kwa kuwa uko hapa, mshike mtoto. Makala imeisha, shuka sokoni. Saa sita ya mchana amekwisha fanya kazi ya watu watatu na hajafungua daftari. Jioni, wengine wanaporudi, anapika. Usiku anasoma akiwa amechoka, na hapo mwenye nyumba anauliza kwa nini petroli ya taa inaisha haraka. Shuleni angalau alikuwa na saa tano ambazo bidoni ya maji haikuweza kumfikia. Kumtoa shuleni bila kumwekea saa hizo tano nyumbani ni kumnyang'anya masomo huku ukisema unayalinda.

Na kila mtu katika miji hii anajua kinachofuata. Msichana wa miaka kumi na nane aliyeko nyumbani, ambaye majirani wanasema ameacha shule, wanaanza kumletea wachumba. Mwaka mmoja uliopotea kwa mvulana unaweza kumpeleka kwenye machimbo au kwa watu wenye silaha, na hilo ni baya vilevile. Lakini kwa msichana mlango unafungwa kimyakimya, kwa vinywaji na kreti za soda, na watu wanapiga vigelegele. Baba anayetaka binti yake asomee nyumbani aandike saa zake ukutani, kwa mkono wake mwenyewe, na awape kaka zake bidoni.

Kuna wanaopinga jambo hili lote, na hawakosi sababu. Walimu wanasema nyumbani hakuna maabara, na mtoto anayesoma peke yake hajifunzi kushindana wala kuvumiliana na wengine. Ni kweli. Kwa mtoto wa teknike ni kweli zaidi: hakuna anayejifunza mekanike au ushonaji wa shule kwa kusoma daftari tu, na juri la mazoezi linataka kuona mikono yake inafanya nini. Familia yenye mtoto wa namna hiyo itafute karakana ya kweli, hata kama ni ya fundi wa kartie, au irudi kuongea na shule.

Kwa wengine, upweke una dawa. Mafinalisti wanne au watano wa kartie moja wakikutana katika nyumba yenye meza, wakagawana gharama ya profesa wa hesabu, kila familia italipa sehemu ndogo na watoto watapata mtu wa kushindana naye. Profesa naye atafaidika, maana mshahara wake umekuwa wa kungojewa kama mvua ya kiangazi. Hilo linafanyika tayari hapa na pale, bila mtu kulipigia ngoma.

Kinachobaki hakiko mikononi mwa familia. Mtoto ambaye hana shule ya kumwandikisha anaweza kufika kwenye mtihani kwa njia moja: kama mtahiniwa ototidakti. Njia hiyo ipo, inatambulika, na wanaoipitia wanafanya kwanza mtihani wa kuwachuja kabla ya kuungana na wengine. Diploma wanayopata ni ileile. Lakini waulize wazazi wengi wa Kadutu, wa Karisimbi, wa Sake, kama wanaijua: wengi wanadhani ni ya watu wazima tu waliotaka diploma ili wapandishwe cheo kazini. Wengine wanasikia habari zake kutoka kwa watu wanaojiita wasaidizi, wanaoomba dola kwa kila karatasi, na wanazijua wakati orodha imekwisha fungwa.

Wizara ya elimu na ofisi zake za majimbo zinaweza kubadilisha hilo bila kujenga hata darasa moja. Tarehe za kuandikisha zitangazwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo kwenye redio za Kiswahili, pamoja na bei halisi, ili msaidizi wa uongo akose la kusema. Mahali pa kuandikisha pawepo hata kwa wale wasioweza kuvuka mstari wa mbele wa vita. Mtoto aliyekimbia bila bulletini zake asiambiwe arudi kuzitafuta katika shule iliyoungua. Mtihani wa kuchuja upo kwa ajili hiyohiyo, umpime. Na wale wanaotawala Goma na Bukavu leo, kwa kuwa wanasema wanawajali wakaaji, waache karatasi za mtihani na wakaguzi wapite bila masharti wala kodi.

Matokeo yakitangazwa, vijana waliofaulu watajimwagia unga kichwani kama kawaida na kuzunguka barabarani wakiimba. Hakuna atakayemuuliza yeyote kati yao alisomea wapi. Familia zinazotaka mtoto wao awe katika kundi lile zina kazi ya kufanya kuanzia juma hili: kwenda ofisi ya elimu kuuliza tarehe, na kuomba jibu kwa maandishi.