FOMU GANI HIYO UNAYOISEMA?

Safari hii kalamu yangu haitaki kuzungumzia madhara ya dawa za kulevya wala umuhimu wa kupanda miti, mambo ambayo wenzangu wameyaandika vizuri kuniliko. Nataka kulitazama neno moja tu la Kiingereza, ambalo lilipiga hodi katika Kiswahili chetu, likakaribishwa, likaketi, na sasa linaingia mpaka jikoni bila kumwuliza mtu. Neno hilo ni form. Sisi twaliita fomu, na wazee wetu hapa Kambu huliita vomu, maanake Kikamba hakina sauti ya f.

Hebu simama pale stejini kwa muda wa nusu saa tu, usikilize. Mama mmoja anamwuliza mwenzake, "Kijana wako yuko fomu ngapi siku hizi?" Vijana wawili wanasalimiana, mmoja anasema, "Fom ni gani leo?" yaani mpango wa leo ni upi. Mzee mwenye bahasha ya kaki anatafuta gari la Kibwezi, ati anarudisha fomu. Ndani ya duka redio inatangaza mpira, na mtangazaji anasema mshambuliaji fulani sasa amerudi katika fomu yake. Neno ni hilo hilo moja. Watu ni wanne, mambo ni manne, na hakuna hata mmoja ambaye hakueleweka.

Katika chama chetu kuna wenzetu ambao wakilisikia neno hili hukunja uso. Wanataka lifukuzwe lote, na kila mahali liliposimama pawekwe neno la Kiswahili sanifu. Wengine nao husema lugha ni mawasiliano, basi sema utakavyo. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Naona kila fomu ina kesi yake, na kesi hazihukumiwi kwa pamoja kama kuku wa kupimwa kwa tenga.

Kwanza tusidhani Waingereza wenyewe walizaliwa na neno hili likiwa na maana moja. Mizizi yake ni Kilatini, forma, yaani umbo au sura ya kitu. Kutoka hapo likatawanyika. Benchi refu lisilo na egemeo waliliita form. Darasa nalo wakaliita form, na inasemekana ni kwa sababu wanafunzi wa kiwango kimoja walikuwa wakiketi pamoja kwenye benchi moja. Karatasi yenye nafasi za kujazwa ni form vilevile. Na la kuchekesha kuliko yote, pale mahali sungura wao anapolala nyasini hadi nyasi zikashika umbo la mwili wake, napo ni form! Sisi tuliokulia huku, ambako sungura hukimbia mbele ya mbwa kila jioni, tungepaita malalo tu. Hata sare unayovaa Jumatatu, Mwingereza huiita kwa neno lenye form ndani yake, maana yake ni kwamba nyote mna umbo moja.

Sasa tuje kwa fomu ya darasa. Hapa nasimama na wale wakali. Kiswahili kina neno kidato, nalo ni zuri ajabu. Kidato ni ule mkato unaokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Hapa kwetu mti wetu ni mbuyu, mnazi twauona tukishuka Mombasa, lakini picha inaeleweka hata kwa mtu wa Kambu: unakanyaga kimoja, unashika, unapanda kingine, na ukiteleza unajua umeteleza kutoka wapi. Benchi la Mwingereza halikupandishi popote, unakalia tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika katika insha kwamba yuko "fomu tatu" wakati lugha yake imemwekea kidato cha tatu, akikutana na kalamu nyekundu ya mwalimu asilie.

Lakini tazameni lililotokea. Zamani vidato hapa Kenya vilikuwa sita. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 ukafupisha mnazi, na kidato cha sita cha mwisho kikafanya mtihani mwaka 1989, mwaka ule ule wa KCSE ya kwanza. Tanzania wao bado wana kidato cha tano na cha sita mpaka leo. Sasa sisi tunaviondoa hata vile vinne vilivyobaki. Walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 ndio wa mwisho, na watakaa KCSE mwaka 2027. Nyuma yao, kuanzia 2026, wanaokuja shule ya upili wanaitwa Gredi ya 10.

Jamani, gredi? Siku zote gredi ni kile unachopata baada ya mtihani. Mzazi atauliza, "Una gredi gani?" Mtoto atajibu, "Ya kumi," na mzazi atashika kichwa akidhani kijana amekuwa wa kumi kutoka mkiani. Tumelitoa neno moja la Kiingereza lenye mizigo miwili, tukaleta lingine lenye mizigo miwili vilevile, na lile letu wenyewe tukalisahau mlangoni. Ingekuwa shida gani kusema kidato cha kumi? Au kuiita miaka hiyo mitatu ya shule ya upili kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu? Sijasikia mtu akilijibu swali hili, na ninalirudia hapa kwa makusudi.

Fomu ya vijana, ile ya "fom ni gani", sitaigombania. Ni ya Sheng, iacheni huko uwanjani, itakufa au itaishi kama mengine. Ya fasihi pia ni rahisi: ukiulizwa umbo la shairi katika karatasi ya tatu, taja beti, mishororo, vina na mizani, wala hutahitaji neno la mgeni.

Inabaki fomu ya karatasi, na hapa nawageuka wale wakali niliokuwa nao juu. Wanataka tuiite hojaji. Sikubali. Hojaji ni ya utafiti, hukusanya maoni ya watu. Fomu unayojaza ili upewe kitambulisho au nafasi ya shule ni jambo jingine, na fomu imekwisha kuwa neno la Kiswahili. Iko katika ngeli ya I-ZI, inasema fomu hii na fomu hizi, ina vitenzi vyake. Watanzania wameipa mpaka siasa: mtu "akichukua fomu" kila mtu anajua anataka uongozi. Mwaka 2015 wanachama wapatao 40 wa CCM walichukua fomu za kuwania urais, na mwisho akapitishwa John Magufuli. Hakuna aliyeuliza ni karatasi gani hiyo.

Hapa Kenya fomu imekuwa kubwa zaidi ya hapo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na katika mambo yaliyobishaniwa sana zilikuwamo Fomu 34A za vituo vya kupigia kura na Fomu 34B za maeneo bunge. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, IEBC ikaziweka Fomu 34A kwenye tovuti ili kila mtu ajionee, na vituo vilikuwa 46,229. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasani walikuwa wakizungumza juu ya thateifoo-A kama wanavyozungumza juu ya mvua. Na mtu akipigwa akaumizwa, neno la kwanza analoambiwa ni "enda uchukue P3", ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza ili iwe ushahidi kortini.

Basi karatasi hii si mchezo. Inaweka rais, inampa aliyeumizwa haki, inamtoa mtoto nyumbani kumpeleka shule. Tukaikopa jina, tukalipa sauti yetu na ngeli yetu. Lakini kilichoandikwa ndani ya karatasi tumekiacha kwa Kiingereza.

Namjua mama mmoja wa vijiji vya huku ambaye alijaza fomu ya basari ya mwanawe. Maswali yote yalikuwa ya Kiingereza. Mama anakisoma Kiswahili vizuri sana, kanisani yeye ndiye husoma masomo. Palikuwa na visanduku vya kuweka alama: mtoto ana wazazi wote wawili, ana mmoja, au hana hata mmoja. Mama ni mjane. Aliweka alama kwenye kisanduku cha mwisho, kile cha yatima kamili, kisha chini akatia sahihi kama mzazi. Fomu ikakataliwa, na aliyemrudishia akamwambia mbele ya watu kwamba amejaribu kudanganya serikali. Ndengu za msimu ule ndizo zilizolipa karo, kidogo kidogo, na kijana alikaa nyumbani wiki nyingi za muhula ule.

Nani alikosa hapo? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili ndicho kimetajwa kwanza. Hakuna mahali imesema mjane wa Makueni ajieleze kwa lugha ambayo hakufunzwa. Sisi katika vyama vya Kiswahili tunamaliza vipindi vizima tukibishana kama ni sawa kusema fomu au si sawa, na ile fomu yenyewe imelala mezani mbele yetu, mistari yote ya Kiingereza, hakuna anayeigusa.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa mwenyekiti na wanachama wote. Fomu ya kujiunga na shule yetu ni ya Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, pamoja na orodha ya vitu vya kuleta na mahali pa mzazi kutia sahihi. Tuitafsiri muhula ujao. Tugawane kurasa, kila kundi la watu watatu lichukue ukurasa mmoja, mwalimu mlezi asahihishe, kisha tumpelekee mwalimu mkuu nakala. Tutabishana juu ya maneno, najua, na mahali penye jina la darasa mimi nitataka paandikwe kidato. Walio tayari wanione maktabani Alhamisi baada ya michezo. Nimeanza na ukurasa wa kwanza, na tayari nimekwama kwenye mstari wa nne.